Kuku ni Halali, Je, Chakula Chake?

Kuku amechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, nasi twaridhika. Lakini ni wangapi kati yetu huuliza alilishwa nini?

Tangu miaka ya 1950 wafugaji wa Marekani na Ulaya walichanganya antibayotiki katika chakula cha mifugo, si kutibu maradhi, bali mnyama anenepe upesi. Dozi hiyo ndogo ya kila siku huua bakteria dhaifu na kuwaacha walio sugu. Hao huzaliana, kisha humfikia mwanadamu kwa nyama isiyoiva, mikono na maji. Siku mtoto akiugua, dawa iliyokuwa ikiponya haifui dafu.

Sweden ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ukaikomesha kabisa Januari 1, 2006.

Ewe mfugaji, mpe kuku dawa anapougua tu, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, wala usimuuze kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti kwisha. Nasi jikoni tuipike nyama hadi iive ndani, tuoshe mikono na kisu. Tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho twayyib; tusitosheke na kimoja.