Mapishi ya Waanglo-India yaandikwe pamoja na waliopika

Nyama ya kusaga hukandwa na tangawizi, pilipili mbichi na giligilani, ikaviringwa madonge madogo, kisha madonge hayo hutumbukizwa mabichi kwenye mchuzi wa nazi unaochemka polepole. Hupakuliwa kwa wali wa tui uliotiwa manjano, karafuu na mdalasini, na pembeni huwekwa chatne kali ya kitunguu kibichi, pilipili, sukari na siki, ambayo wenyewe huiita chatne ya shetani. Hiki ndicho chakula cha Jumapili katika nyumba nyingi za Waanglo-India, hasa wa kusini mwa India, na kwa jamaa zao waliohamia Uingereza, Australia na Kanada. Msomaji wa Mombasa au Unguja atakielewa bila mkalimani. Kisichoeleweka upesi ni kwa nini chakula hiki kinastahili kuhangaikiwa kuliko mchuzi mwingine wowote mtamu. Jibu langu ni kwamba kwa jamii hii jiko la nyumbani ni mojawapo ya kumbukumbu chache za historia yake zilizobaki mikononi mwake yenyewe. Kwa hiyo kuhifadhi mapishi hayo hakuishii kwenye orodha ya viungo. Lazima tuandike pia nani alipika, wapi, wakati gani, na alibadilisha nini kwa sababu gani.

Waanglo-India ni uzao wa wanaume wa Ulaya na wanawake wa Kihindi. Wareno walitangulia, wakafuata Waholanzi, Wafaransa na Waingereza. Mwaka 1687 wakurugenzi wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki waliwaandikia wakuu wao wa Madras wawahimize askari kuoa wanawake wa huko, wakaahidi zawadi ndogo ya fedha kwa kila mtoto. Karne moja baadaye Kampuni hiyo hiyo iliwageuka: mwaka 1791 ilifunga milango ya kazi zake za utawala na za uafisa jeshini kwa watoto wa mama Mhindi. Baadaye reli, simu za maandishi, posta na forodha ndizo zilizowapa ajira, na maisha yao yakajengeka kwenye nyumba za kampuni kandokando ya njia ya treni. Uhuru ulipokuja mwaka 1947 wengi waliondoka. Katiba ya India ya mwaka 1950 iliwatambua kwa ukoo wa upande wa baba, na wakatengewa viti viwili vya kuteuliwa katika bunge la taifa. Viti hivyo viliondolewa Januari 2020. Wakati wa mjadala wa kuviondoa, Desemba 2019, waziri wa sheria alinukuu sensa ya mwaka 2011 kwamba Waanglo-India wote nchini walikuwa 296. Wenyewe walipinga kwa hasira, na walikuwa na haki, kwa sababu mtaa mmoja wa Bow Barracks pale Kolkata pamoja na parokia chache za Bangalore na Chennai unatosha kuitilia shaka hesabu hiyo.

Jamii ya namna hii haina jimbo lake wala kijiji cha asili. Lugha yake ya nyumbani ni Kiingereza, kwa hiyo hata kwa lugha haijitofautishi mbele ya mgeni. Mwaka 1933 Ernest Timothy McCluskie alianzisha makazi ya McCluskieganj, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Jharkhand, ili watu wake wawe na ardhi wanayoweza kuiita yao. Baada ya vita vya pili vya dunia na uhuru wengi walihama hata hapo. Meza ya chakula ndiyo iliyoweza kufungashwa na kuhamishwa. Na meza hiyo ukiisoma vizuri inasema mengi. Siki na nyama ya nguruwe iliyolala kwenye vitunguu saumu vinatoka kwa Wareno. Maji ya pilipili, ule mchuzi mwepesi wa ukwaju, pilipili manga na bizari unaomiminwa juu ya wali, ni wa Watamil. Nyama ya kuoka na pudini ya mkate ni za Waingereza, lakini nyama hiyo imepakwa pilipili na pudini imetiwa iliki. Krismasi ikikaribia familia hukaa kuzunguka meza kutengeneza kulkul: donge dogo la unga, mayai na tui la nazi hubanwa mgongoni mwa uma au juu ya kitana kipya, likaviringwa kama kombe, likakaangwa na kuvikwa sukari. Mswahili wa pwani akiziona ataziita visheti, na Wagoa wa Nairobi na Dar es Salaam wanazijua kwa jina lile lile la kulkul. Vivyo hivyo kuna viazi vilivyopondwa, vikajazwa nyama ya kusaga, vikachovywa kwenye yai na kukaangwa. Sisi tunaviita katlesi.

Reli iliongeza sura nyingine. Mchuzi wa mbuzi uliohusishwa na vyumba vya chakula vya stesheni ulitiwa siki au ukwaju, na inaelezwa kwamba ukali huo ulisaidia nyama isiharibike njiani. Lililo muhimu zaidi ni uhamisho wa wafanyakazi. Dereva wa treni aliyelelewa Kharagpur, upande wa Bengal, angeweza kupelekwa kusini na kuoa binti wa Jolarpet, na jikoni mwao mafuta ya haradali ya kaskazini yakakutana na nazi ya kusini. Ndiyo maana nyumba mbili zinazopakana, zenye ukoo mmoja na kanisa moja, hupika madonge ya nyama kwa namna mbili: moja inatia nyanya, nyingine inatia nazi tupu. Tofauti hizo ni ushahidi wa safari za familia. Anayekuja na kuchagua moja akaitangaza kuwa ndiyo halisi anafuta zile nyingine, hata kama nia yake ni njema.

Vitabu vya zamani havikutusaidia sana katika hili. Kitabu maarufu cha Kanali Kenney-Herbert cha mwaka 1878 kuhusu upishi wa Madras, na kile cha Flora Annie Steel na Grace Gardiner cha mwaka 1888, viliandikwa kwa ajili ya Waingereza waliokuwa na watumishi wa kuwaamuru. Ni vitabu vya thamani, lakini nyumba ya fundi wa reli haimo. Pengo hilo lilianza kuzibwa na wanajamii wenyewe karne moja baadaye. Patricia Brown alichapisha kitabu cha vyakula na desturi za watu wake mwaka 1998. Bridget White-Kumar, aliyekulia kwenye mji wa machimbo ya dhahabu ya Kolar, ameandika vitabu kadhaa vinavyogusa kila kitu kuanzia mchuzi wa kila siku hadi vitafunio vya sikukuu. Jenny Mallin alikusanya mapishi ya kina bibi wa vizazi vitano vya familia yake na kuyaeleza pamoja na maisha yao. Mimi njia hiyo ya mwisho naiona bora kuliko zote, kwa kuwa msomaji anapata chakula na mpishi kwa pamoja. Machimbo ya Kolar yalifungwa mwaka 2001. Vitabu vya White-Kumar sasa ni sehemu ya historia ya mji ambao wachimbaji wake wametawanyika.

Kazi ya kuandika si nyepesi kama inavyodhaniwa. Chukua daftari la bibi lililoandikwa miaka ya 1940. Vipimo vyake ni sia na tola, ambavyo India iliviacha baada ya sheria ya vipimo vya metriki ya mwaka 1956. Tola ni kama gramu 11.7 na sia ni pungufu kidogo ya kilo moja. Hayo yanabadilishika kwa hesabu. Lakini daftari likitaja giligilani ya ana mbili, hesabu inakwama. Ana ilikuwa sehemu moja ya 16 ya rupia mpaka India ilipobadili sarafu yake mwaka 1957, na anayejua fungu la ana mbili lilikuwa kubwa kiasi gani ni mtu aliyekwenda sokoni wakati ule. (Wazee wetu wangeelewa shida hii, maana Afrika Mashariki nayo ilitumia rupia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920.) Kuna jambo la moto pia. Mchuzi uliopikwa kwa kuni, viungo vikiwa vimesagwa kwenye jiwe na maji kidogo, hautoki sawa na wa jiko la gesi na unga wa pakiti. Nyumba nyingi hazikuwa na oveni, hivyo keki ya Krismasi ilichanganywa na familia ikapelekwa kuokwa kwenye tanuri la mwoka mikate wa mtaani, kila mmoja akisimamia yake. Mapishi yanayosema tu oka kwa saa mbili yameacha nje nusu ya maarifa. Mwandishi mwangalifu hukaa na mpishi, hupima kila anachokitia kabla hakijaingia sufuriani, na huandika hata harufu inayomwambia kwamba bizari imeiva.

Wapo watakaosema hiki ni chakula cha ukoloni, na kwamba hakuna haja ya kukililia. Pingamizi hili lina uzito, nami silipuuzi: Waanglo-India wengi walijitambulisha na watawala na waliwadharau Wahindi wenzao. Hata hivyo amri ya Kampuni ya mwaka 1791 inaonyesha kwamba watawala hawakuwahesabu kuwa wenzao. Zaidi ya hapo, ukichunguza jiko utawakuta wapishi na mayaya Wahindu na Waislamu waliokoroga masufuria hayo, na akina mama wa kwanza wa Kihindi ambao kumbukumbu za familia mara nyingi zilificha majina yao kwa aibu ya rangi. Majina yalifichwa, ila ukwaju wao ulibaki mezani. Kukitupa chakula hiki kwa kisingizio cha ukoloni ni kuwafuta wanawake hao mara ya pili. Dawa ni kuandika mchango wao waziwazi, na hapo ndipo vitabu vingi vya sasa bado havijafanya vya kutosha.

Wengine wanaamini soko litafanya kazi hiyo, kwa kuwa mikahawa inauza vyakula hivi kila siku. Hebu tuangalie jalfrezi. Nyumbani Kolkata ilikuwa njia ya kutumia nyama ya kuoka iliyobaki jana, ikakaangwa upya na vitunguu na pilipili mbichi. Kwenye mikahawa ya Uingereza ikawa mchuzi mzito wa kuku na pilipili hoho. Vindalu, iliyokuwa nyama iliyolala kwenye siki na vitunguu saumu, huko imegeuka kipimo cha nani anavumilia ukali. Sina ugomvi na anayeipenda hivyo, lakini mkahawa hulinda jina linalouza. Hulka ya nyumbani, ya kutotupa nyama iliyobaki, haina nafasi kwenye orodha ya bei.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni kwamba maandishi hugandisha kitu kilicho hai. Naam, yanaweza, iwapo yatatoa amri moja kwa wote. Lakini mabadiliko hayasubiri kalamu. Jimbo la Karnataka, lenye Bangalore na Kolar, lilikaza sheria ya kuchinja ng'ombe mwaka 2021, na nyama ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa msingi wa madonge yale ya Jumapili na wa nyama ya chumvi ya Krismasi. Familia zinatumia mbuzi, kuku au nyati. Mjukuu ana haki ya kupika kwa kuku. Ana haki pia ya kujua kwamba bibi yake hakutumia kuku, na sababu ya badiliko. Maandishi yenye tarehe humpa yote mawili.

Kwa hiyo wenye madaftari haya, wawe Chennai, Perth au London, wasiyaache sandukuni. Wayapige picha kurasa zote, pamoja na zile zenye madoa ya mafuta. Wamuulize mzee aliyebaki alijifunza kwa nani, na kama mwalimu wake alikuwa yaya au mpishi wa kuajiriwa, jina lake liandikwe juu ya mapishi pale pale linapoandikwa jina la bibi. Nakala moja ibaki nyumbani na nyingine ipelekwe maktaba au chuo kikuu cha karibu. Waliojifunza kupika katika nyumba za reli kabla ya mwaka 1947 sasa wako karibu na umri wa miaka 90 au wameupita, na kazi hii inapaswa kufanyika mwaka huu.