Nyika ya Australia kwa Karavani (3): Barabara Iliyofuata Chemchemi

Asubuhi tuliyoondoka Marree, kazi ya kwanza ilikuwa kujaza maji, kabla hata ya chai. Karavani ya mpwa wangu ina matangi mawili chini ya sakafu, kila moja la lita 80, moja mbele ya ekseli na jingine nyuma yake. Mwanawe mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alishika mpira, na mdogo wake akawa anasoma kipimo na kuita kwa sauti: robo, nusu, robo tatu. Walipomaliza, mume wa mpwa wangu alizunguka akakagua kila mfuniko kwa mkono wake.

Msomaji aliyefuatana nami tangu makala ya kwanza atakumbuka nilivyoeleza habari ya uzito. Leo narudi kwenye tangi la maji, kwa sababu humo uzito na uhai vinakutana. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo matangi yakijaa unavuta kilo 160 za ziada. Tela salama ni lile lililoelemea mbele kidogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake ikilalia kifundo cha chuma kinacholiunga na gari. Nyuma ikizidi, tela huanza kupepesuka kulia na kushoto, na ukishika breki kwa hofu ndipo linapokupindua. Kwa hiyo familia hii ina kanuni: maji ya tangi la nyuma hutumika kwanza, la mbele libaki limejaa. Ni kanuni nzuri. Baadaye nitaeleza ilivyotugharimu.

Kutoka Adelaide kwenda Alice Springs, tulikokuwa tukielekea, zipo njia mbili. Ya kwanza ni Stuart Highway, ambayo tangu 1987 ina lami toka Port Augusta hadi Darwin. Ya pili ni njia ya Oodnadatta, kilomita zipatazo 620 za udongo na changarawe kutoka Marree hadi Marla, inapoungana na lami. Tulichagua ya pili, na mimi ndiye niliyeomba hivyo. Barabara ya lami ilichorwa na watu wenye magari, nayo inakatiza mahali pakavu bila kujali, maana injini ya dizeli haihitaji kisima kila jioni. Njia ya Oodnadatta ilichorwa na kiu, na atakaye kulielewa bara lile aanze nayo.

Marree yenyewe ni mji mdogo sana, lakini msomaji wa pwani yetu akifika atasimama. Ipo mitende. Upo pia mfano wa msikiti: kibanda kilichojengwa upya kwa kuiga ule wa udongo walimosali wenye ngamia katika karne ya 19. Watu hao waliletwa kuanzia 1860 kutoka nchi ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India, wakaitwa wote kwa pamoja Waafghani, hata asiyewahi kuiona Kabul. Ngamia dume mwenye nguvu aliweza kubeba hadi kilo 600. Sufu, unga, nguzo za simu, vyuma vya reli, hata piano, vilifika katikati ya bara kwa migongo ya wanyama wale. Shukrani waliyopata ilikuwa ndogo. Pale Marree reli iliugawa mji: Wazungu upande mmoja, Waafghani na wenyeji wa asili upande wa pili. Malori yalipokuja, ngamia wakawa mzigo, na mwaka 1925 jimbo la South Australia likatunga sheria ya kuruhusu wauawe. Wenye ngamia wengi hawakuweza kuwapiga risasi wanyama waliowalea. Waliwafungua kamba wakawaachia nyikani. Wajukuu wa ngamia hao ndio makundi ya mwituni yanayoonekana leo.

Na neno lenyewe? Karavani ni neno la Kiajemi, maana yake msafara wa watu na wanyama wa mizigo. Wazungu walilichukua, wakalivika gari la kukokotwa na farasi lenye paa, kisha nyumba ya mabati yenye magurudumu mawili au manne inayovutwa na Land Cruiser. Kwa hiyo familia yetu, ikitoka Marree na kitanda chake na jiko lake la gesi, ilikuwa inalirudisha neno kwenye njia ya wenyewe.

Siku ile tulifika mahali paitwapo Wabma Kadarbu. Unaiacha njia, unapita uwanda mweupe wa chumvi usioota kitu, halafu unapanda kichuguu kama cha mchwa, chenye upana wa uwanja wa mpira. Juu yake kuna bwawa la mviringo, maji yamejaa hadi ukingoni, mabua ya kijani yamelizunguka. Bwawa hili la chemchemi huitwa Blanche Cup. Umbali mfupi kutoka hapo kuna jingine, na katikati yake mchanga unafumka na kutulia, unafumka na kutulia, kama uji unaochemka kwa moto mdogo. Mtoto mdogo alikaa ukingoni karibu saa nzima. Akaniuliza, "Babu, nani anayapuliza?"

Nilimjibu hivi, nami nalirudia jibu kwa wasomaji. Mvua hunyesha mbali sana mashariki, kwenye milima inayofuata pwani ya Queensland. Sehemu ya maji hayo huzama katika tabaka la mawe ya mchanga, yenye vitundu vidogo vidogo kama sifongo. Juu ya tabaka hilo kuna jingine la udongo mzito usiopitisha maji. Kwa kuwa tabaka linateremka kuja huku, maji hutembea chini kwa chini, yamefunikwa kama yaliyo katika bomba, mwendo wa mita chache tu kwa mwaka. Ghala hilo la chini lina eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 1.7, zaidi ya moja ya tano ya bara zima. Maji yanapofika ukingoni, mahali udongo ulipokuwa mwembamba au mwamba ulipopasuka, yanasukumwa juu na uzito wa maji yaliyo nyuma yake. Yanapokauka yanaacha chumvi na madini, na madini hayo, karne baada ya karne, ndiyo yanayojenga kichuguu. Maji aliyoyaangalia mtoto yule yanakisiwa kuwa na umri wa mamia ya maelfu ya miaka, pengine zaidi.

Waarabana, wenye nchi, wana maelezo yao, na sioni sababu ya kuyaweka nyuma ya yangu. Kwao panapofumka mchanga ni mahali alipouawa nyoka mkubwa na mmoja wa wazee wa mwanzo. Yule nyoka bado anajinyonganyonga, na kilima cha jirani ni kichwa chake. Jina la mahali lina maana hiyo hiyo ya kichwa cha nyoka. Simulizi kama hiyo humwonyesha mtoto wa Kiarabana maji yako wapi na njia inapita wapi, naye akishaisikia hawezi kupotea.

Mskoti John McDouall Stuart alipita humu. Kati ya Oktoba 1861 na Desemba 1862 alivuka bara kutoka Adelaide hadi pwani ya kaskazini na kurudi, akiruka kutoka chemchemi hadi chemchemi, akarudi mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye machela kati ya farasi. Miaka kumi baadaye simu ya waya ilifuata nyayo zake: zaidi ya kilomita 3,000 za waya, ikaunganishwa Agosti 1872. Umeme ulidhoofika njiani, kwa hiyo kila kilomita mia mbili au tatu kulikuwa na kituo cha watu wa kuipokea habari na kuituma tena, na watu wanahitaji maji. Kisha ikaja reli, kwa sababu injini ya mvuke hunywa kuliko ngamia: Oodnadatta mwaka 1891, Alice Springs mwaka 1929. Mwaka 1980 ilihamishiwa magharibi, na mataruma yake bado yamelala kando ya njia.

Lipo jambo linaloniuma katika habari hii. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wafugaji walitoboa visima virefu katika lile ghala la chini. Maji yalifoka yenyewe bila pampu, wakayaacha yatiririke kwenye mifereji ya wazi mchana na usiku. Sehemu kubwa mno iliishia kunyonywa na jua na mchanga kabla ng'ombe hajainamisha kichwa. Nguvu ya maji ikapungua, chemchemi kadhaa zikakauka. Tangu 1999 serikali na wafugaji wamekuwa wakifunga visima hivyo na kutia mabomba, na baadhi ya mahali nguvu imeanza kurudi. Lakini chemchemi iliyokufa hufa pamoja na samaki wake wadogo na konokono wake, ambao wengine hawapatikani popote pengine duniani.

Baada ya William Creek nchi inakuwa ya ng'ombe. Shamba la Anna Creek, kubwa kuliko yote ya ng'ombe duniani, lina zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Unguja ingeingia humo mara tisa. Njia nayo ina mikunjo kama bati la kuezekea. Mikunjo hiyo haitengenezwi na mvua. Ni magurudumu yenyewe yanayodundadunda kwenye changarawe, kila gari likichimba zaidi pale lililotangulia lilipotua. Dawa ni kupunguza upepo wa tairi, za gari na za karavani, ili zilale na kumeza mshtuko, na kwenda polepole, maana tairi laini ikikimbizwa hupata moto ikapasuka.

Tulifanya hivyo, na bado jiwe moja lilirushwa na tairi za nyuma za gari likapiga tangi la mbele. Hatukusikia. Tuligundua jioni, tulipopiga kambi kando ya daraja la Algebuckina, daraja la chuma la reli ya zamani, lenye urefu wa mita 578, linalovuka mto Neales. Tangi la mbele lilikuwa tupu kabisa. Ile kanuni ya kutumia maji ya nyuma kwanza ilikuwa imetuhifadhia maji yetu mazuri mahali palipo wazi kwa mawe.

Sikuona hofu. Niliona hesabu. Mpwa wangu aliwaita watoto, akawapa karatasi. Tangi la nyuma lilibaki na lita kama 50, na ndani ya gari mlikuwa na madumu mawili ya lita 20. Jumla 90. Watu watano, lita 5 kila mtu kwa siku, ni lita 25: siku tatu na zaidi. Oodnadatta ilikuwa chini ya kilomita 100. Kuoga kulisimama, na vyombo vilifutwa kwa karatasi. Lakini kulikuwa na hesabu ya pili: mbele kumepoteza kilo 80, sasa karavani imeelemea nyuma. Mume wake alihamisha sanduku la vyuma na madumu yote mawili hadi puani mwa karavani kabla ya kulala, ili asubuhi isitupepesue.

"Na gari likigoma kesho?" nilimuuliza mpwa wangu. Kwetu nisingeuliza, ungetembea hadi kijiji cha mbele, ukikutana na watu njiani.

"Mjomba, hapa hatutembei," alisema. "Tunakaa kivulini mwa gari. Rubani anayetutafuta anaona gari, mtu haonekani."

Wengi waliokufa katika nyika hii walikufa mbali na magari yao, wakienda kutafuta msaada, na gari likakutwa kwanza. Sisi tulisafiri Julai, wakati wa baridi yao, mchana ukiwa wa kupendeza na usiku wa mablanketi mawili. Oodnadatta, tulikozibiwa tangi siku iliyofuata, kipimajoto kilifika nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960. Kwa joto kama hilo lita 5 kwa mtu hazitoshi.

Marla tuliingia lami, na safari iliyobaki, kilomita zipatazo 450, ilikwisha kwa siku moja, tukipishana na malori yenye matela matatu, urefu wa mita 53 na nusu, ambayo upepo wake hukusukuma pembeni kabla na kukuvuta baada ya kupita.

Alice Springs kwa Waarrernte ni Mparntwe. Mpima ardhi wa simu ya waya, William Mills, alifika Machi 1871, akaona dimbwi la maji safi katika mto uliokauka, akaandika kuwa ni chemchemi na kuipa jina la mke wa mkuu wake, Charles Todd. Mto ukapewa jina la Todd mwenyewe. Dimbwi lile lipo hadi leo mbele ya majengo ya mawe ya kituo cha simu, nalo si chemchemi. Ni maji ya mafuriko yaliyokwama juu ya mwamba usioyapitisha, na mengine yamejificha ndani ya mchanga wa mto. Waarrernte walijua, mto wenye mchanga mkavu kwao ni kisima kilichofunikwa.

Juma lijalo tutaelekea kaskazini, hadi pwani ambako mwaka 1944, katika visiwa vya Wessel, mwanajeshi mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa. Alasiri ile tulikaa Alice Springs chini ya mikaratusi, na yule mtoto mkubwa alipiga magoti katikati ya mto Todd akaanza kuchimba kwa mikono. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto na ulirudi shimoni kila alipouchota. Alipofika kina cha kiwiko ulianza kushikana, ukawa mweusi. Akaninyooshea kiganja, akaniambia niuguse.