Bega Lililotoka

Ndugu mchimbaji, bega lako lilitoka, tukalirudisha, nawe wadhani kazi imekwisha. Sivyo. Kikombe cha bega hakina kina. Mfupa wa mkono umekaa pale kama chungwa juu ya kisahani. Kinachoushika ni nyama na mishipa, nayo imeumia. Tumeona watu wa Manika wakirudi shimoni na mtalimbo mapema, na bega likatoka tena, hasa vijana.

Mkono ukae katika kitambaa majuma 3, lakini vidole na kiwiko uvikunje kila siku. Halafu inama, uache mkono uning'inie, uuzungushe kidogo kidogo. Kisha simama mbele ya ukuta, vidole vipande kama buibui. Pale vilipofika weka alama ya makaa, kesho ujaribu kuipita. Yule mwenye mkono uliopooza, katika Marko 3, aliponywa mara moja. Wewe fanya kila asubuhi.

Baada ya majuma 6 inua chupa ya maji ya nusu lita. Mfuko wa mawe ungoje miezi 3 au 4. Najua unga wa nyumbani hutoka katika mfuko ule. Tafuta kwanza kazi ya mkono mmoja.

Mkono ukifa ganzi, au bega likitoka tena, njoo hospitali siku ile ile. Usimpe jirani auvute.