Mwenda, Kabange na kisanduku cha jina la ukoo

Orodha za majina ya ukoo za Uingereza zimeanza kupata wageni kutoka kwetu Katanga, kusini mwa Kongo. Katikati ya akina Smith na Jones wasiohesabika unamkuta Mwenda hapa, Kabange kule, akina Ngoie wenye anwani moja, na wataalamu wa nasaba huwaweka wote katika fungu la majina adimu. Vijana ambao wazazi wao walitoka Kakanda, Kambove au Likasi wakiliona neno hilo huvimba kichwa kidogo, na hawana kosa: kwa Mwingereza jina adimu huashiria ukoo wa zamani, kijiji kimoja, pengine babu mmoja. Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo hicho hakitufai. Majina yetu ni adimu huko Ulaya kwa sababu ya namna yalivyoandikwa, na anayetafuta asili ya ukoo wake kwa kufuata jina lililo kwenye pasipoti atafika kwa karani kabla hajafika kwa babu.

Tuanze na Waingereza wenyewe, maana kipimo ni chao. Mabwana wa Kinormani walioingia mwaka 1066 ndio waliotangulia kurithisha majina, mengi yakiwa ya mashamba waliyoyatawala. Watu wa kawaida wakafuata polepole, na kufikia karibu mwaka 1400 sehemu kubwa ya Uingereza ilikuwa na jina linalotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko, na mwaka 1837 serikali ikaanza kuandikisha vizazi na vifo yenyewe. Kwa hiyo jina la Kiingereza limepita karne sita kwenye mlango mmoja, mlango wa wanaume, na humo mengi hufa. Francis Galton alisumbuliwa na kutoweka kwa koo za wakubwa, akalipeleka swali kwa mwanahisabati Henry William Watson, na mwaka 1874 wakachapisha hesabu yao: mtu akikosa wana wa kiume, au wanawe wakiwakosa, jina limekwisha, hata kama binti zake wamejaza mtaa mzima. Ndiyo maana jina lililobaki na watu wachache mara nyingi hurudi kwa mwanzilishi mmoja. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walipima kromosomu Y, ile ambayo mwanamume huipata kwa baba yake, wakakuta wanaume wenye jina Attenborough karibu tisa kati ya kumi wana aina moja. Kwa akina Smith hakuna mshikamano wa namna hiyo. Mwingereza anayesema kwamba uadimu wa jina ni dalili ya undugu, basi, anasema kweli. Anasema kweli kuhusu Uingereza.

Kwetu mlango huo haukuwapo. Chukua nyumba inayojulikana kuliko zote upande wa Bunkeya. Kalasa alikuwa mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo. Mwanawe Ngelengwa ndiye ambaye Katanga ilimjua kwa jina la Msiri, na kwa jina la Mwenda pia. Alihamia huku katikati ya karne ya 19, akajenga Bunkeya, akatawala hadi tarehe 20 Desemba 1891, siku alipouawa kwa risasi na watu wa msafara wa Kapteni Stairs. Mwanawe aliyekalia kiti baada yake aliitwa Mukanda Bantu. Baba, mwana na mjukuu, majina matatu, na hakuna aliyeona upungufu. Jina Mwenda lenyewe lilirithiwa, naam, lakini lilirithiwa pamoja na kiti: anayesimikwa Bunkeya hulichukua awe mtoto wa marehemu, ndugu yake au mpwa. Mtaalamu wa nasaba wa Kiingereza akipewa orodha ya watawala wa Wayeke, watu wa Bunkeya, ataona ukoo wa akina Mwenda ulionyooka kama reli, kumbe anasoma orodha ya cheo.

Nje ya ukoo wa kitawala mambo ni mapana zaidi. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, ule wimbo wa Masanga uliokwenda kufundisha vidole vya wapiga gitaa hadi Nairobi na Ulaya. Binamu yake, aliyepiga gitaa lile lile na kusikilizwa na watu wale wale, ni Edouard Masengo. Wawili hao wangetua London na karatasi zao, hakuna ofisa ambaye angewaandika kuwa ndugu. Na Bosco mwenyewe, serikali ilipokataza majina ya Kizungu, alitambulishwa kama Mwenda wa Bayeke: hilo "wa Bayeke" linataja kabila lake, wala halimtaji baba. Upande wa pili yupo Mwenda wa Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako jina hili ni la kawaida kabisa na halina uhusiano wowote na Usumbwa wala Bunkeya. Mmeru na Myeke wakiishi mtaa mmoja Birmingham, orodha itawahesabu katika jina moja adimu. Huku Bosco na Masengo, damu moja, wamewekwa kurasa tofauti.

Sheria nayo ilichangia, na hapa Mobutu hawezi kurukwa. Nchi iligeuka Zaire Oktoba 1971. Mapema 1972 majina ya Kikristo yakaanza kufutwa, Kardinali Malula akapinga hadi akajikuta Roma, na sheria ya Julai 1973 ikakaza kamba. Aliyekuwa Jean au Marie alilazimika kutafuta jina la kujazia, akalichukua la babu, la shangazi, la mto, la kijiji. Hapo ndipo postnom, jina la pili linaloandikwa baada ya nom, yaani jina la kwanza, iliposhika mizizi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilitaka majina yachotwe kwenye urithi wa utamaduni wetu, lakini haikumfunga mtoto kwenye jina la baba yake. Mfano ulio wazi kuliko wote umo katika familia ya marais. Joseph Kabila na dada yake Jaynet ni mapacha, waliozaliwa mwaka 1971. Yeye ni Kabila Kabange, dada ni Kabila Kyungu, kwa kuwa miongoni mwa Waluba wa Katanga pacha wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange, hata ungefanya nini. Sasa mpe karani wa Hull vyeti viwili kama hivyo, naye amezoea kwamba neno la mwisho kwenye mstari ndilo jina la ukoo. Watoto waliolala tumbo moja watatoka ofisini wakiwa akina Kabange na akina Kyungu, na kila mmoja atahesabiwa mwanzo wa ukoo wake adimu. Na Kabange yeyote mwingine atakayekutana naye huko atadhani ni ndugu, kumbe wanachoshirikiana ni kuzaliwa wa pili.

Kisha kuna tahajia. Mbelgiji aliandika Tsh pale Mwingereza anapoandika Ch. Aliandika Muamba na Mwamba, Ngoy, Ngoyi na Ngoie, kadiri padri au karani alivyosikia siku ile. Kaka aliyeandikishwa misheni na mdogo wake aliyeandikishwa kazini katika kampuni ya shaba ya Union Minière waliweza kutofautiana herufi moja maisha yao yote bila taabu, kwa sababu mtaani hakuna aliyesoma jina, watu waliliita tu. Safari ndiyo iliyoifanya herufi kuwa nzito. Wengi wa Katanga waliokimbia vita kuanzia mwaka 1998 walipitia Zambia, katika kambi za Kala na Mwange kaskazini au Meheba upande wa Solwezi, na huko majina yaliandikwa na watu waliosoma kwa Kiingereza. Mpango wa Uingereza ulioitwa Gateway, uliopokea wakimbizi kuanzia 2004 hadi 2020, ulichukua Wakongo wa kambi hizo ukawapeleka miji kama Sheffield, Bolton, Hull na Norwich. Aliyekwenda Ubelgiji moja kwa moja kutoka Lubumbashi alibeba tahajia ya Kifaransa. Binamu yake aliyepitia Zambia akaingia Norwich na ya Kiingereza. Kompyuta haijui kwamba Tshola na Chola husomwa kwa sauti moja. Inayahesabu majina mawili, na kila moja linazidi kuwa adimu.

Msomaji wa Lubumbashi atapinga: yapo majina yanayorithiwa. Ni kweli. Moïse Kapenda Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, aliyezaliwa Musumba mwaka 1919, alibeba jina la baba yake, mfanyabiashara Joseph Kapenda Tshombe, na watoto wake wakalibeba. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ya 1960, alitoka kwa Msiri, na ukilitaja jina Munongo Katanga watu hugeuza macho upande wa Bunkeya. Lakini tazama ni majina ya akina nani: matajiri, wanasiasa, nyumba za watawala, watu waliokuwa na mali ya kuandikishwa na jina la kulinda mbele ya Mbelgiji. Uingereza nayo ilianza hivyo hivyo, Wanormani na mashamba yao kwanza, wakulima baada ya karne tatu. Mifano hii inaonyesha kwamba jina la kurithi kwetu ni mche mchanga, ulioota karibu na ofisi. Mzee wa kambi ya kampuni ya migodi ya Gécamines, kule Kakanda, aliyewapa watoto wake sita majina ya mama yake, ya kaka wa mkewe na ya rafiki aliyemwokoa mgodini, hakuwa amevunja desturi yoyote. Na kwa njia yake hiyo jina la mtu asiye na mtoto halifi: huchukuliwa na mjukuu wa dada yake, awe mvulana au msichana. Hesabu ya Galton haina pa kushika hapo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: hata kama jina halionyeshi undugu, si linaonyesha asili? Kwa kiasi, ndiyo. Kyungu na Kabange hunong'ona Uluba wa Katanga, Tsh nyingi za mwanzo huelekeza Kasai au kwa Walunda. Lakini miji ya shaba ilijengwa na watu walioitwa kutoka pande zote, Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi, Rodesia ya Kaskazini, na Union Minière ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake zao, majina yakaanza kupeana mkono ndani ya kambi. Ilunga, jina la shujaa wa simulizi za mwanzo wa ufalme wa Waluba, lipo Kasai na lipo Katanga. Mutombo, Kasongo na Kabongo vivyo hivyo. Waliosahau hilo walitufikisha kubaya. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, maelfu kwa maelfu wakilala stesheni ya Likasi wakingoja treni, jina lilikuwa mojawapo ya vitu vilivyoamua nani abaki na nani aondoke, na lilikuwa shahidi mbovu. Mtu alizaliwa Likasi, baba yake alizaliwa Likasi, akaambiwa jina lake ni la kwingine. Mwenye kudai leo kwamba jina linatosha kumjua mtu ni wa wapi anatumia kipimo kile kile, hata kama nia yake ni njema.

Wengine husema kipimo cha vinasaba kitamaliza ubishi. Kitasaidia mtu kumpata binamu, na hilo si dogo. Ila kitu kilichowafaa Leicester ni kwamba kromosomu na jina vilisafiri pamoja, vyote kwa baba. Palipo na jina la bibi mzaa mama, kromosomu Y haina la kuliambia.

Linalonivutia zaidi ni yanayotokea sasa. Wazazi wengi wa Sheffield au Bolton humpa mtoto jina la baba lililo kwenye pasipoti, kwa kuwa shule, hospitali na uwanja wa ndege huuliza maswali pale mama, baba na watoto wanapotofautiana majina. Kwa uamuzi huo mdogo majina yetu yanaingia mlango ambao Waingereza waliuingia zama za kati, na karani aliyechagua kati ya nom na postnom amekuwa, bila kujua, mwanzilishi wa ukoo. Baada ya vizazi vitano mtu ataweza kusema kwa haki kwamba akina Kabange wa Norwich ni damu moja, na Galton ataanza kufanya kazi yake juu yao. Hakuna anayewalazimisha wazazi hao, hata hivyo. Sheria ya Uingereza na Wales huwaachia wazazi jina la kuandikisha mtoto, la ukoo likiwemo, na nafasi ya majina mengine kwenye cheti inatosha kumbeba bibi wa Kambove na mjomba wa Kakanda. Hati ya Kongo ya baba, yenye nom, postnom na prénom kila kimoja mahali pake, inafaa kunakiliwa yote kabla haijaisha muda wake, pamoja na tahajia zake zote, maana mjukuu atakayeisoma hatajua ni ipi kati ya hizo iliyokuwa jina ambalo watu walimwita.