Malaria ulipimwa, na sukari je?

Ukikonda ghafla huku kwetu Masara, msee, hakuna atakayekuuliza unaumwa nini. Watu wameshajua. Wazee watasema chira, vijana watasema ukimwi, na mwenye duka atakurudishia chenji bila kukugusa mkono.

Binamu yangu alikuwa na miaka 19 alipoanza kukonda. Usiku aliamka mara nne kwenda kukojoa. Alimaliza jagi la maji na bado akalia kiu. Alipoanza kutapika tukampandisha boda hadi zahanati. Muuguzi akamdunga kidole, akapima malaria: hakuna. Akampima HIV: hakuna. Akampa dawa za minyoo, tukarudi nyumbani.

Siku mbili baadaye tulimbeba hajitambui, anahema kama aliyekimbizwa, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitali tuliyomkimbiza ndiyo iliyompima sukari. Mashine haikutoa namba, iliandika tu “HI”. Mimi nilidhani inatusalimia. Kumbe maana yake sukari imepanda kuliko inavyoweza kuhesabu.

Alipona. Karo yangu ya muhula huo ilienda kwa bili na chuo sikurudi, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Usikimbilie kumtukana yule muuguzi. Mtu hutafuta kile alichofunzwa kutafuta. Migori na Homa Bay ni kati ya kaunti zilizoumizwa zaidi na HIV nchini, na malaria hapa kando ya ziwa ni mgeni wa kila msimu. Kwa miaka mingi semina, mabango na pesa vimefuata magonjwa hayo mawili. Sukari ikaachiwa wazee wenye vitambi Nairobi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Na tone lile lile la kidole lingetosha!

Kinachouma ni kwamba mafunzo yenyewe si ya miaka saba. Muuguzi anahitaji kujua kuwa kijana anayekonda, mwenye kiu na anayekojoa sana, apimwe sukari hapo hapo. Kabla ya kula, 7 kwenda juu ni kisukari. Ukiwa na dalili hizo na mashine isome 11.1 au zaidi saa yoyote, usiambiwe urudi wiki ijayo. Ajue pia kuwa kuna kisukari ambacho mwili umeacha kabisa kutengeneza insulini. Hicho vidonge havikiwezi, ni sindano kila siku, na huwapata hata watoto.

Halafu kuna miguu, na hapa nawaongelesha nyinyi mnaochimba dhahabu. Unashinda na gambuti kutwa nzima, sivyo? Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaua mishipa ya fahamu. Jiwe linakukata na husikii. Unakuja kugundua kidonda kwa harufu. Muuguzi aliyefunzwa atakuambia uvue viatu na ufumbe macho, kisha akuguse wayo na uzi mgumu wa nailoni: “Unasikia hapa?” Dakika chache tu, na mguu umeokolewa.

Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupima sukari na presha. Poa sana, naunga mkono. Lakini mkoba si mafunzo. Mhudumu akikupata na 14 nyumbani kwako, akakutuma kwenye zahanati ambako hakuna aliyewahi kuanzisha mgonjwa kwa insulini, umesaidika nini?

Rwanda walianza mapema. Wauguzi wa hospitali za wilaya walifunzwa kutibu kisukari cha aina hiyo wenyewe, huku wataalamu wakirudi mara kwa mara kuwaangalia kazini. Agosti 2022, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé, Togo, wakapitisha mpango wa kueneza mtindo huo. Hapo kwa kurudi ndipo penye kazi. Semina ya siku mbili hotelini, chai, samosa na cheti, tumeziona za kutosha.

Kwa hivyo ukidungwa kidole na malaria ikakosekana, uliza kwa adabu: “Na sukari, sista?” Hutafukuzwa.

Binamu yangu sasa ana 22. Hatuna friji, kwa hivyo insulini yake inakaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji. Dani yetu alinuna wiki mbili nzima. Kile kikubwa kilikuwa chungu chake cha omena.