Mama, Usitupe Maganda Mtaroni

Kwetu Kadutu, mjini Bukavu, nyumba zimebanana mlimani. Gari la uchafu halipiti kwenye vinjia vyetu. Ndiyo maana wengi wetu tunangoja mvua, kisha tunamwaga pubeli mtaroni na kusema: maji yatapeleka. Lakini yanapeleka wapi?

Yanapeleka Ziwa Kivu. Chupa na sashe zinaelea mpaka mto Ruzizi, zinaziba mashine za umeme, na sisi wenyewe tunabaki gizani tukitafuta mishumaa.

Kuna pia ubaya usioonekana. Maganda ya ndizi na ya mihogo yakirundikana bila hewa, yanaoza na kutoa methani, gazi ile ile iliyo chini ya ziwa letu. Katika miaka 100, kilo moja ya methani inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya gazi ya kaboni. Joto likizidi, mvua kali zinazidi, na sisi wa milimani tunajua udongo unavyoporomoka na nyumba za watu. Kuchoma nako si dawa: moshi wa plastiki unaingia katika mapafu ya watoto.

Katika kundi letu tulianza na pubeli mbili: moja ya maganda, moja ya plastiki. Mwanzoni tulikosea. Tulijaza maganda mabichi tu, yakanuka, majirani wakakasirika, na mama mmoja akataka tuache. Kumbe rundo lilikosa hewa! Sasa tunafanya hivi: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, udongo kidogo juu. Kila siku ya posho tunageuza kwa jembe. Hewa ikiingia, harufu inaisha, na methani inapungua sana. Baada ya miezi kama mitatu tulipata mbolea nyeusi. Tuliitia katika magunia, tukapanda lengalenga. Yule mama aliyetaka tuache ndiye alivuna wa kwanza.

Kuhusu sashe, serikali ilizikataza tangu Desemba 2017, lakini sokoni tungali tunazipokea. Tuchukue kikapu, kama mama zetu walivyofanya.

Siku ya posho inayokuja, kila mama atenge maganda ya nyumba yake, hata kama ni ndoo moja tu. Watoto wanatutazama: wakituona tunamwaga mtaroni, nao watamwaga.