Una kisukari? Angalia figo zako

Figo zako mbili hufanya kazi kama chujio la tui. Huchuja damu, na uchafu hutoka kwa mkojo. Ukikaa na kisukari miaka mingi bila kukitunza, chujio huharibika. Protini ya mwili hupotea katika mkojo. Nawe husikii maumivu yo yote! Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi umechelewa. Basi pimwa mkojo na damu kila mwaka.

Uliza pia habari za mafuta ya damu, yaani kolesteroli. Yakizidi huziba mishipa. Mgonjwa wa figo huweza kufa kwa ugonjwa wa moyo kabla figo hazijafa. Dawa za kuyapunguza zipo, huitwa statini. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wa figo zaidi ya 9,000. Kati ya waliopewa statini pamoja na dawa nyingine ya mafuta, waliozibwa mishipa ya moyo au ya ubongo walikuwa wachache kuliko wale wasiopewa. Lakini figo zenyewe ziliendelea kudhoofika. Kwa hiyo ukipewa statini, usiache dawa ya sukari wala ya presha. Hizo ndizo hulinda figo. Kidonge cha jirani usikimeze. Mama mwenye mimba amwambie daktari kwanza.